Shaba, Mbwa Aliyechechemea Kingamyambo

Mtu anayefika Kolwezi kwa barabara ya Likasi, akiisha kuvuka daraja la mto Lualaba, huona mbele yake vilima ambavyo havikuumbwa pamoja na nchi. Ni udongo uliochimbuliwa na watu, ukalundikwa mwaka hata mwaka, mpaka ukashindana na vilima vya asili. Kingamyambo ni jina linalojulikana sana huko, kwa kuwa ndiko ulikomwagwa kwa muda mrefu mchanga laini uliobaki baada ya kinu cha Kolwezi kutoa shaba ndani ya mawe. Wakati wa kiangazi upepo huuinua mchanga ule, na akina mama hufunika sufuria zao. Habari za madini ya huko wasomaji wetu wamezisikia mara nyingi. Safari hii twataka kuwasimulia habari za mbwa. Msicheke, tafadhali, sisi nasi tulicheka mwanzoni.

Mbwa huyo aitwa Shaba. Alipewa jina hilo kwa ajili ya rangi ya manyoya yake, na pia kwa sababu baba mwenye nyumba alizaliwa zamani zile ambapo jimbo zima la Katanga liliitwa Shaba, yaani kati ya mwaka 1971 na 1997. (Leo Kolwezi si Katanga tena wala si Shaba; tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba.) Baba huyo ni mlinzi wa usiku. Mama yake Shaba alikuwa mbwa mkubwa wa ulinzi, wa ile jamii ya mbwa wa Kijerumani wenye masikio yaliyosimama, naye alizaa watoto sita. Wawili walikuja kukaa katika mtaa mmoja: Shaba katika nyumba ya mlinzi, na ndugu yake Simba katika nyumba ya jirani, ng'ambo ya ukuta.

Mlinzi ana binti anayesoma mwaka wa nne wa sekondari. Ndiye aliyemlea Shaba, akimpa bukari na vichwa vya samaki, akimfundisha kukaa na kungoja. Mbwa alipotimiza miezi saba alikuwa tayari mzito kuliko watoto wadogo wa nyumba, na wezi waliokuwa wakipita juu ya ukuta kwenda kuiba waya na kuku waliacha kupita. Katika mtaa usio na taa jambo hili si dogo. Baba akiwa kazini usiku, mama na watoto hulala kwa sababu mbwa halali.

Basi, asubuhi moja mwishoni mwa majira ya mvua, Shaba aliamka akachechemea. Mguu wa mbele wa kushoto aliuweka chini kwa hofu, kama mtu akanyagaye kaa la moto. Hakuwa na kidonda, wala uvimbe, wala damu. Siku ya tatu alitembea vema, na wote wakasahau. Juma lililofuata akaanza tena.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu mmoja alisema watoto wa njiani wamempiga jiwe. Mwingine alisema ni mwiba, nao wakamlaza, wakatazama kati ya vidole vyote, wakatoa funza wawili, wakashangilia. Lakini mbwa akazidi kuchechemea. Mama mmoja mzee alinong'ona kwamba jirani fulani hampendi mbwa yule, na kwamba mguu haukuumia kwa nguvu za mwili. Akaitwa mtu anayejua kufunga mifupa ya watu iliyovunjika. Alimfunga Shaba vijiti viwili kwa kitambaa, kuanzia kifundo hata kwenye kiwiko, ijapokuwa hakuona mfupa wowote uliovunjika. Kwa siku tano mbwa alilia. Vijiti vilipoondolewa, ngozi ilikuwa imechubuka, na ugonjwa ulikuwa mahali pake palepale.

Tena kuna jambo baya kuliko hilo. Katika duka moja la dawa, ambalo hatutalitaja, mtoto wa nyumba aliuziwa vidonge vya diklofenaki, ndivyo wanavyomeza watu wenye maumivu ya mgongo. Muuzaji alisema, "Mpe kimoja asubuhi na kimoja jioni." Siku ya pili Shaba alitapika damu, na kinyesi chake kikawa cheusi kama lami. Hapa twawaomba wasomaji wasimame kidogo. Tumbo la mbwa si tumbo la mtu. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu mafigo yake, hata kwa kiasi ambacho mtu mzima angekimeza bila kuona neno. Paracetamoli nayo yaweza kuharibu ini lake na damu yake. Na paka, hata kidonge kimoja chatosha kumwua. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nazo hupimwa kwa uzito wake na kutolewa na mtu aliyezisomea. Shaba alipona kwa kuwa mama mwenye nyumba alivitupa vile vidonge chooni bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.

Ndipo baba alipochoka. Alisema kwa upole, lakini alisema: "Mbwa asiyekimbia si mlinzi. Nitamwomba rafiki yangu wa kazini aje na bunduki, amalize jambo hili vizuri." Binti hakujibu. Jioni ile alikuja kwetu, kwa kuwa alijua kwamba twaandika magazetini, naye alidhani kwamba watu waandikao magazetini wajua kila kitu. Sisi hatukujua lolote. Tulijua tu mahali pa kuuliza.

Hapo Kolwezi tulimwendea mganga wa wanyama wa serikali, mtu mpole mwenye mvi, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka kutazama nguruwe. Jambo la kwanza alilouliza halikuhusu mguu hata kidogo. Aliuliza, "Mama yangu, mbwa huyu amechanjwa?" Binti akatoa karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mganga akaitazama tarehe, ndipo akamgusa mbwa.

Akatueleza sababu. Kichaa cha mbwa hakianzi sikuzote kwa ukali na kuuma. Mara nyingine huanza kwa udhaifu: mguu mmoja walegea, kisha wa pili; sauti yabadilika, taya lashuka, mate yatoka, mbwa ashindwa kumeza. Watu wema humfungua mdomo wakidhani amekwamwa na mfupa, na hapo ndipo wanapoambukizwa. Hukadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, wanne katika kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa, akichechemea ghafula na tabia yake ikageuka, asishikwe na mtu. Afungiwe mahali, na mganga aitwe. Na aliyekwisha kuumwa aoshe kidonda mara moja kwa maji na sabuni muda wa robo ya saa, kisha aende hospitali siku ileile kudungwa sindano. Shaba alikuwa mchangamfu, alikula, alitikisa mkia, na karatasi yake ilikuwa halali.

Mganga akamtembeza, akamtazama, akamkunja miguu. Kisha akasema maneno ambayo yalitupendeza sana, maana si kila fundi huweza kuyasema: "Mimi nazijua homa za mbuzi na minyoo ya nguruwe, na mbwa nawachanja kwa mamia. Lakini mfupa wa mbwa anayekua ni elimu nyingine. Nikiwapa dawa leo, nitakuwa nabahatisha kama wale wengine. Mpelekeni Lubumbashi, kwa walimu wa Chuo Kikuu."

Akatueleza jambo moja tusilolijua. Kuchechemea si ugonjwa. Ni mlio tu, kama mlio wa gari bovu. Mguu waonyesha shida chini, mahali unapokanyaga, na shida yenyewe mara nyingi iko juu: katika kiwiko, au bega, au nyonga. Mwenye mbwa hutazama wayo kwa sababu wayo ndio anaouona. Tena mbwa mchanga wa jamii kubwa hukua upesi mno. Katika miezi kumi au kumi na miwili hufikia uzito ambao mtoto wa binadamu huufikia kwa miaka mingi. Mifupa yake, karibu na viungo, ina sehemu laini ambazo ndizo zinazokua, na sehemu hizo zikiisha kufunga, kilichopinda hubaki kimepinda. Kwa hiyo yapo magonjwa ya mbwa mchanga yanayopita yenyewe kama mafua, na yapo mengine ambayo kila mwezi wa kungoja huyafanya yasipone kabisa. Kwa macho, siku za kwanza, yote hufanana.

"Basi nitajuaje?" aliuliza binti.

"Hutajua," akajibu mganga. "Ndiyo sababu nakutuma."

Akampa kazi ya kufanya kabla ya safari. Aandike katika daftari, siku kwa siku, ni mguu gani, ni saa gani, ni baada ya kulala au baada ya kukimbia, mbwa amekula nini, amekuwa na homa au la. Kisha achukue picha za sinema kwa simu ya mkononi, mbwa akitembea polepole kumkabili, kisha akimpa mgongo, kisha kwa ubavu. Na zaidi ya yote asubuhi, mbwa anapoinuka tu. Sababu ya jambo hili tuliijua baadaye, nasi tutaisema.

Ikabaki fedha. Katika nchi yetu shule ya msingi ya serikali ilifanywa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado hulipiwa, na fedha iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ya karo ya binti. Baba akasema neno ambalo hatuwezi kumlaumu nalo: "Mbwa hawezi kula karo ya mtoto." Wako wasomaji watakaoongeza kwamba watu wenyewe hukosa waganga, na kwamba ni aibu kutembea kilometa 300 kwa ajili ya mguu wa mbwa. Twawaheshimu wenye kusema hivyo. Lakini twaona pia kwamba aliyechukua kiumbe hai, akamfunga mlangoni ili amlinde usiku, hawezi kumtupa kama kiatu kilichotoboka bila hata kuuliza anaumwa nini. Binti hakugusa karo. Aliuza kuku wake wanne, mama akaongeza kidogo kutoka biashara yake ya unga, na jirani mwenye Simba, kwa kuwa alimwonea huruma mtoto, akasema kwamba shemeji yake huendesha lori la mizigo hata Lubumbashi, naye atawabeba bila malipo. Sisi tukaomba nafasi, tukapanda nao.

Safari ilichukua kutwa nzima. Shaba alilala juu ya gunia, akaamka Fungurume, akatapika Likasi. Njiani tulimwambia binti yale tuliyokuwa tumeyasoma: kwamba kazi ya uganga wa wanyama ilikuwa kazi ya wahunzi na wachungaji, mpaka mwaka 1761 Mfaransa Claude Bourgelat alipoanzisha katika mji wa Lyon shule ya kwanza ya kuifundisha, hasa kwa ajili ya farasi na tauni ya ng'ombe. Mbwa walikuja kufikiriwa baadaye sana. Na mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa, waganga wa wanyama nao waliikimbilia upesi, maana mgonjwa wao hawezi kusema, "Naumwa hapa."

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kilifunguliwa mwaka 1956 wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville, kina kitivo cha uganga wa wanyama, pamoja na zahanati ambamo wanafunzi hujifunza kazi kwa kuwatibu wanyama wa watu. Huko tulipokewa na mwalimu mmoja na wanafunzi wake watano waliovaa makoti meupe. Mwalimu akamwambia binti, "Mtembeze."

Shaba akatembea kama askari wa gwaride! Hakuchechemea hata hatua moja. Binti alikaribia kulia. Mwalimu akacheka, akasema kwamba hufanya hivyo karibu wote: wakifika mahali pageni penye harufu mia, hofu na udadisi huwasahaulisha maumivu. "Una picha za simu?" Binti akatoa simu. Wale wanafunzi watano wakainamisha vichwa vyao juu yake, na mwalimu akawafundisha kutazama kichwa badala ya mguu. Mbwa anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa unapokanyaga mguu mbovu, ili apunguze uzito, na hukishusha unapokanyaga mguu mzima. Katika picha ile ya asubuhi kichwa cha Shaba kilipanda na kushuka waziwazi.

Kisha akapekua daftari. Akasimama katika ukurasa wa tatu, akauliza, "Hapa umeandika mguu wa kulia. Umekosea?" Binti akasema hakukosea, kwa siku nne mguu wa kushoto ulipona, na wa kulia ukauma. Nyumbani walidhani mbwa anajifanya. Mwalimu hakusema neno, lakini tuliona kwamba jambo hilo lilimpendeza.

Akaanza kumshika, kwanza miguu mizima, mwisho mguu mgonjwa, ili mbwa asikasirike mapema. Vidole, kifundo, kiwiko, bega. Alikunja, akanyosha, akasikiliza kwa vidole. Viungo vyote vilikunjuka bila maumivu. Lakini alipobana mfupa wenyewe, katikati ya paja la mbele, mbali na kiungo chochote, Shaba aliruka na kupiga kelele. Akatutuma kupiga picha ya mifupa, ile ambayo watu wa kwetu huiita radiyo, ya miguu yote miwili ili ilinganishwe. Ilipoletwa akaiinua mwangani. Ndani ya mfupa, mahali palipopaswa kuwa na weusi wa uboho, palikuwa na mawingu meupe, kama moshi ndani ya chupa.

Ugonjwa huo huitwa panosteiti. Huwapata mbwa wachanga wa jamii kubwa, madume zaidi kuliko majike, na hasa mbwa wa Kijerumani, wakiwa na umri wa miezi mitano hata kumi na minane hivi. Mfupa huwaka uchungu ndani yake, juma mbili au tatu, kisha hutulia, na uchungu huhamia mguu mwingine. Sababu yake ya asili wataalamu hawajaijua bado. Na dawa yake? Pumziko, chakula cha kiasi, dawa ya maumivu ya mbwa siku zile mbaya, na subira. Mbwa akiisha kukomaa, ugonjwa huondoka wenyewe na hauachi alama.

Tulitazamana. Mbwa huyu alikuwa karibu kupigwa risasi kwa ajili ya ugonjwa unaopona wenyewe!

Mwalimu akaona nyuso zetu, akatuonya. Alisema kwamba ugonjwa huu hujulikana kwa kuyaondoa kwanza yale mengine, na kwamba siku za mwanzo hata picha yaweza isionyeshe kitu, ikabidi irudiwe baada ya siku kumi. Akatutajia baadhi ya hayo mengine, nasi tutayagusa kwa haraka. Upo ugonjwa wa bega ambamo kipande cha gegedu hubanduka kama rangi ya ukuta. Upo ule wa nyonga, ambamo kichwa cha mfupa hakikai vema katika kikombe chake, na mbwa huruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura. Mbwa wadogo nao wana wa kwao: kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu, au kilegesambwa cha goti huteleza na kurudi. Kupe nao huleta homa iitwayo erlikia, inayovimbisha viungo vingi kwa pamoja, ufizi ukawa mweupe na pua ikatoka damu. Hiyo hutibiwa kwa vidonge kwa muda wa juma nne, mradi iwahiwe.

Juu ya chakula alisema mengi zaidi, maana huko ndiko makosa yetu yaliko. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu au mapafu tupu, bila mfupa wala maziwa, hukosa chokaa. Mwili wake huinyonya kutoka katika mifupa yake mwenyewe, hata mguu ukavunjika kwa kuruka kutoka kitini. Mwingine hulishwa bukari tupu, naye hudumaa. Na mwenye fedha, akisikia hayo, hukimbia kununua unga wa chokaa na kummwagia mbwa wake mkubwa kila siku; huyo naye humharibu, kwa kuwa chokaa ikizidi huvuruga ukuaji wa gegedu. Vichwa vya samaki na mifupa yake laini ndani ya bukari, yai mara kwa mara, mboga kidogo, na mbwa asiwe mnene: hiyo ndiyo shauri aliyompa binti, na akasema kwamba Shaba amelishwa vizuri kuliko mbwa wengi wa matajiri.

Tulirudi Kolwezi kwa furaha. Na hapa yatubidi kusimulia jambo ambalo tungependa lisiwepo.

Jirani, yule mwenye Simba, alikuja usiku uleule kusikia habari. Aliposikia kwamba ugonjwa unapona wenyewe, alipiga makofi. Maana Simba naye alikuwa ameanza kuchechemea, mguu wa mbele wa kushoto, kama ndugu yake kabisa. Mama mmoja, baba mmoja, mguu mmoja. "Basi nami nitangoja," akasema. Binti alimwambia, "Baba, mwalimu alisema ni lazima kupiga picha kwanza." Lakini yeye alikuwa mtu mzima aliyetoa lori la shemeji yake, na binti alikuwa mtoto, na sisi, kwa haya, hatukulitilia neno lile nguvu. Kosa hilo ni letu.

Akangoja miezi mitatu. Shaba akapona mguu wa mbele, akauma wa nyuma, akapona tena. Simba hakuhamia mguu mwingine. Aliendelea na uleule, kila siku zaidi kidogo, akaugeuza wayo nje kama bata, na kiwiko chake kikawa kinene. Yule mganga mwenye mvi alipomwona, alikunja kiwiko mara moja tu, akatikisa kichwa. Picha ilionyesha kwamba kijifupa cha nyuma ya kiwiko, kile kinachopaswa kushikamana na mfupa mkubwa kabla mbwa hajatimiza miezi mitano, hakikushikamana kamwe. Kilikuwa kikielea ndani ya kiungo kama kijiwe ndani ya kiatu, na kwa miezi yote ile kilikuwa kikisaga gegedu. Huu nao ni ugonjwa wa mbwa wa Kijerumani. Ukijulikana mapema, mpasuaji hukiondoa kijifupa kile, au hukifunga kwa parafujo, na mbwa huishi vema. Ukijulikana baada ya kiungo kuharibika, kupasua husaidia kidogo tu, na baridi yabisi haitoki tena.

Jirani aliuliza kama kuna mahali popote. Mganga akamwambia kweli: wapasuaji wa mifupa ya mbwa ni wachache katika sehemu yetu ya Afrika. Lusaka kuna shule ya uganga wa wanyama ya Chuo Kikuu cha Zambia, na mbali zaidi kuna Onderstepoort, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pretoria. Kuvuka mpaka na mbwa kwahitaji karatasi ya chanjo ya kichaa, cheti cha afya na ruhusa ya nchi inayomwingiza. Kwanza yafaa kupeleka picha za mifupa na zile za simu, wataalamu wakazitazame wakiwa kwao, ili watu wasitumie fedha ya safari kwenda kuambiwa "hapana". Picha zilipelekwa Lubumbashi kwa simu, na yule mwalimu akazituma mbele kwa mpasuaji anayemfahamu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, nalo halikuwa refu: mbwa asikimbie, asinenepe, apewe dawa ya maumivu ya mbwa kwa kipimo kilichoandikwa, na asizalishwe, kwa kuwa mbegu ya ugonjwa huu hurithiwa.

Tulikwenda Kingamyambo mara ya mwisho katikati ya kiangazi, upepo ukivuma na mchanga ukituingia machoni. Shaba alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Alitupokea langoni kwa kelele nyingi, akaruka juu ya benchi, akashuka, akaizunguka nyumba mara mbili. Baba alikuwa akifunga viatu vyake ili aende kazini, naye alijifanya hatuoni tulivyomtazama. Binti alituonyesha daftari. Ukurasa wa mwisho wenye neno "kuchechemea" ulikuwa wa juma tisa zilizopita.

Ng'ambo ya ukuta, Simba alisikia kelele, akabweka naye. Jirani alikuwa amemtengenezea kitanda cha magunia chini ya mwembe, na kila jioni humtembeza polepole, kwa kamba, hata mwisho wa njia na kurudi. Binti alimpa daftari jipya wiki ile tulipokuwapo, naye amekwisha kuandika kurasa mbili, kwa herufi kubwa, akikosea tarehe.